Shairi limegoma: dalili, sababu na pa kuanzia kurekebisha

Msimu wa harusi ukifika Dar simu yangu haitulii. Mtu kaahidi shairi kwenye sendofu ya dada yake, siku zinakimbia, kakaa na karatasi na haliendi. Mwingine hana harusi wala nini, ana status yake ya WhatsApp tu anataka iwe na mvuto. Mwingine ana daftari zima la mashairi na kila akimsomea mtu anaambiwa "zuri" afu stori inabadilishwa papo hapo. Malalamiko yao yanafanana mno, basi nimeyapanga hapa kwa dalili. We tafuta ya kwako, anza na sababu ya kwanza maana ndo inayopatikana mara nyingi, ukiona siyo hiyo shuka chini. Na usianze kubomoa shairi zima kabla hujafanya vile vipimo vidogo, watu wanafuta ubeti mzuri kwa kosa la mstari mmoja.

Kitu kimoja niseme mapema. Karibu kila anayekuja anadai tatizo lake ni msamiati, eti "sina maneno". Ni nadra sana iwe kweli. Huyohuyo ukimkuta kijiweni anamsimulia mwenzie jinsi konda alivyogombana na abiria pale Ubungo kisa chenji, anakupa sauti, anakupa sura, anakupa hadi mate yanavyoruka, watu wanashika mbavu. Akishika kalamu anageuka afisa habari. Maneno anayo, ila akikaa kuandika anaacha kuangalia vitu. Karibu matatizo yote hapa chini yanaanzia hapo.

DALILI: "Linasikika kama hotuba ya mgeni rasmi"

Sababu inayoongoza ni kwamba maneno yote hayashikiki. Upendo, amani, mafanikio, maisha, changamoto. Kipimo chake hakina gharama, chukua penseli, pigia mstari kila kitu kwenye shairi lako ambacho mtu anaweza kukiona, kukishika, kukinusa au kukisikia. Ukimaliza beti nne na penseli haijagusa karatasi, ugonjwa umeshaujua.

Kuna dada alikuja na shairi la mama yake, mstari wa kwanza "upendo wako hauna kipimo", na wa pili hivohivo, na wa tatu. Nikamuuliza mama anafanyaga nini. Akafikiri, akasema basi tu, anauza chapati, anaamka usiku mnene kuwasha jiko, na kabla hajatoka kwenda kwenye biashara yake anaacha hela ya nauli ya mtoto mezani, juu yake anafunika kikombe isipeperuke. Nikamwambia ushamaliza kazi, andika hicho. Tukakaa nacho, kikawa ubeti wa utenzi, mizani nane (yaani silabi nane) kila mstari:

Usiku bado mzito,
Mama kashawasha moto,
Nauli yake mtoto
Kaifunika kikombe.

Neno upendo halipo humo, na hakuna atakayesikia huo ubeti akauliza kama huyo mama anapenda watoto wake. Marekebisho ya dalili hii ndo hayo: kila ukikuta neno lisiloshikika jiulize "huwa nalionea wapi hili", kisha andika hapo unapolionea na lile neno lenyewe ulifute. Siyo lazima ufute yote, moja au mawili yakibaki yatapumua, ila yasiongoze msafara.

Sababu ya pili, picha zipo ila ni za kuokota. Maisha ni safari ndefu, wewe ni nyota yangu, wewe ni ua langu la waridi. Mtu anakaa Temeke anamwita mpenzi wake waridi, ua ambalo mara ya mwisho kuliona lilikuwa la plastiki juu ya tivii ya shangazi. Wakati asumini ipo, kikuba kipo, harufu ya mihogo ya Coco Beach jioni ipo, foleni ya pantoni pale Feri watu wamesimama wameshika baiskeli na ndoo za samaki ipo. Kipimo: kama hiyo picha ushaisikia kwenye nyimbo zaidi ya mbili, siyo yako, irudishe. Kurekebisha ni kutembea njia unayopita kila siku kwa macho ya mtu aliyetumwa akasimulie nyumbani, basi. Usiende kutafuta machweo ya baharini kama hukai baharini.

Sababu ya tatu inapatikana kwa walimu, wachungaji, mashehe na wazazi kwa ujumla, yaani unataka kufundisha. Sasa hapa sikwambii uache, ushairi wetu umefundisha watu tangu enzi na hakuna dhambi. Ila kama lazima ufundishe basi gawa mdomo, weka wawili wabishane. Ndo kazi ya ngonjera hiyo, ambayo mshairi Mathias Mnyampala aliisukuma sana hadi ikaingia mashuleni, na utamu wake ni kwamba yule mbishi naye anapewa hoja zenye nguvu. Ukimfanya mbishi wako mjinga hadhira itamhurumia yeye na we utabaki na mafundisho yako mkononi.

DALILI: "Nikisoma kwa sauti linakwama"

Hili la mizani. Kwanza kabisa, umelisoma kwa sauti kweli? Wengi wanasoma kwa macho. Soma kwa mdomo huku unagonga meza, gonga moja kila silabi. Tarbia ya kawaida ni mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na sita, nane ukwapi, yaani kipande cha kwanza, na nane utao, kipande cha pili. Utenzi ni nane tu kwa mstari. Kama vidole vimegonga kumi na saba sehemu moja, tia alama, usirekebishe bado, maliza ubeti wote kwanza.

Kosa la kwanza hapa ni kuhesabu kwa macho. "Mtu" ni mizani mbili, m-tu. "Nchi" ni mbili. "Mgonjwa" ni tatu. Lakini "mbuzi" ni mbili, mbu-zi, siyo tatu, na "nyumba" ni mbili, na "ng'ombe" ni mbili pamoja na herufi zote hizo. "Saa" ni mbili japo ukiisema haraka inajificha. Na kuna ya kukunjana mashati kabisa: mbuni yule ndege mkubwa ni mbu-ni, mbili, ila mbuni anayebuni vitu ni m-bu-ni, tatu. Sikio linajua tofauti, jicho halijui, ndo maana nasema gonga meza. Kwenye maneno kama "daktari" au "labda" watu wanagawanyika, wengi wanaipa k yake mizani yake, da-k-ta-ri, nne, na wengine wanapita na tatu. Chagua njia moja ubaki nayo shairi zima, shida inakuja ukihesabu nne juu na tatu chini kwa vile ilikusaidia.

Kosa la pili ni la ujanja zaidi maana hesabu iko sawa kabisa ila bado linakwama. Angalia huu:

Nimekwenda soko la Ka- / riakoo kununua

Hesabu, nane kwa nane, safi. Lakini pumzi imekata jina la soko katikati, msomaji anafika "Ka" anabaki mdomo wazi. Geuza:

Kariakoo sokoni, / nimekwenda kununua

Nane kwa nane, na kila kipande kinasimama na maana yake. Kipimo cha hili: funika utao kwa kiganja usome ukwapi peke yake. Kama hauna maana hata kidogo, mgawanyo wako umekaa vibaya hata kama mizani imetimia.

Sababu ya tatu, nadra, ni kwamba umejaza maneno ya kiraka ili kutimiza hesabu. "Hakika", "kwa kweli", "nasema", "ndugu zangu", mara kumi kwenye shairi moja. Yatoe yote uone kimebaki nini. Mara nyingi kinachobaki kinatosha utenzi, na we ulikuwa unakilazimisha kiwe tarbia.

Marekebisho ya ndani zaidi, liimbe. Shairi la Kiswahili linaghaniwa, tafuta mahadhi yoyote unayoyajua, yale ya shuleni asubuhi mstarini yanatosha, jirekodi kwenye simu, kisha sikiliza siku inayofuata siyo palepale. Sauti itajikwaa penyewe.

⚠ Simama hapa: kama ni shairi la mashindano au linasomwa mbele ya wazee wanaojua arudhi, yaani sheria za utunzi, usijiamini na meza yako. Tafuta anayezijua sheria, mwalimu mzuri wa Kiswahili wa sekondari anaweza. Sheria zenyewe ziliandikwa zikachapishwa na Amri Abedi mwaka 1954, huyo aliyekuja kuwa meya wa Dar, kwa hiyo usikubali mtu akwambie ni mambo ya kubahatisha.

DALILI: "Vina vinaniburuza"

Unataka kusema jambo moja, kina kinakupeleka kwingine, unamaliza ubeti unajiuliza huyu simba ametokea wapi.

Angalia kwanza kama unajua kina ni nini, samahani lakini angalia. Kina ni silabi nzima, siyo irabu ya mwisho. "Kaka" na "baba" havina kina kimoja. "Kaka" na "paka" vinacho. "Kanga", "unga" na "kujenga" navyo vinacho, vyote vinaishia -nga, havihitaji kufanana zaidi ya hapo. Watu waliokulia kwenye rap wanadhani lazima neno zima lifanane, wanajibana bure.

Sababu inayoongoza lakini siyo ugumu, ni urahisi. Lugha yetu inatoa vina bure, weka -ni kila mahali na umemaliza: nyumbani, moyoni, sokoni, njiani, foleni. Matokeo yake shairi zima linataja mahali na hakuna kinachotokea. Au unamaliza kila mshororo kwa kitenzi cha kutendwa, pendwa, tendwa, fundwa. Kipimo: andika maneno ya mwisho tu ya kila mshororo kwenye karatasi pembeni. Yakiwa ya aina moja yote, hapo ndo panapoburuza. Changanya, jina na kitenzi, kitu na tendo. "Kikombe" apambane na "waombe", "unga" akutane na "alipochunga". Hapo kina kinaanza kukuletea mawazo ambayo hukuwa nayo, na hiyo ndo raha yake kubwa, yaani kuburuzwa kwenyewe siyo kubaya ukiburuzwa kwenda pazuri.

Sababu inayofuata ni kuchagua kina kikavu mwanzoni. Ukiamua -fya au -nyo kwa beti saba umejifungia ndani mwenyewe. Kabla hujaanza orodhesha maneno yanayoishia na hicho kina, ukishindwa kufikisha kumi bila kufungua kamusi, badilisha kina wakati bado ni bure.

Na ya mwisho, ruhusa ya mshairi imetumika vibaya. Inkisari ya kufupisha neno ipo, mazida ya kurefusha ipo, tabdila ya kubadili mlio bila kugusa mizani ipo, kuboronga sarufi, yaani kupangua mpangilio wa maneno, kupo. Ila hizo ni dawa kali, zina dozi. Ukiona ubeti mmoja una tatu kati ya hizo, andika ubeti upya, usitafute kisingizio cha malenga wa zamani.

DALILI: "Nimetia maneno mazito, watu wananiangalia tu"

Mara nyingi ni kamusi. Umefungua, umeokota neno la Kiamu cha Lamu au la Kimvita cha Mombasa ambalo hujawahi kulisikia kwa mtu yeyote hai, umelibandika kwenye sentensi ya Kinondoni. Linaonekana. Kipimo: je ukipigiwa simu sasa hivi unaweza kulitumia ukiongea na mjomba wako bila kucheka? Kama hapana, litoe, litarudi lenyewe siku ukishalisikia vya kutosha.

Mara nyingine ni fumbo lisilo na mpini. Fumbo zuri linamwachia msikilizaji pa kushika. Nenda Mtaa wa Uhuru pale kwenye maduka ya kanga usome majina yake, mstari mmoja, maneno ya kila siku, mtoto anaelewa kila neno, lakini jirani anayeandamwa anajua kabisa ni yeye. Fumbo linalotakiwa ni hilo, maneno mepesi na lengo lililofichwa, we umefanya kinyume, lengo jepesi maneno ndo yamefichwa. Msomee mtu mmoja asiye mshairi umuulize "unahisi linahusu nini". Akikaribia, liache. Akisema "maisha", rudi kwenye dalili ya kwanza.

DALILI: "Siandiki shairi, ni risala tu, lakini kavu"

Hapa wengi wanakimbilia vivumishi: mzuri, mrembo, wa kupendeza, mwenye heshima na taadhima. Futa nusu, kisha angalia vitenzi. "Alikuwa na huzuni" halifanyi kazi yoyote, "alikunja kanga akaikunjua akaikunja tena" linafanya.

Kiswahili kina hazina ambayo watu wanaisahau wakishika kalamu, viigizi. Giza totoro, kimya jii, nyeupe pe, kulala fofofo, kujaa pomoni, kuanguka pu. Kwenye maongezi tunavitumia kutwa, kwenye risala tunaandika "palikuwa na giza nene sana". Kimoja kwa aya kinatosha, ukivimwaga vyote inakuwa katuni.

Baada ya hapo jaribu takriri. Chagua maneno mawili ya kuanzia sentensi, yarudie mara tatu na kila mara mzigo uongezeke, "ni yeye aliyefua, ni yeye aliyepika, ni yeye aliyekesha Muhimbili siku baba anapasuliwa". Ukirudia mara nne bila kitu kipya watu watatazama saa.

DALILI: "Linaanza na moto, ubeti wa tatu linazima"

Kipimo cha haraka: badilisha nafasi ubeti wa pili na wa nne. Kama hakuna aliyegundua, shairi lako halisogei, limesimama linajizungusha. Kuna kitu lazima kibadilike kati ya mwanzo na mwisho, mtu ajue asichojua, mvua inyeshe, basi liondoke.

Kama siyo hivyo angalia kibwagizo, ule mstari unaorudiwa kila ubeti. Kikirudi lazima kiwe kimepata maana nyingine kutokana na ubeti uliotangulia, la sivyo unampigia mtu simu ileile mara tano. Na kama kibwagizo nacho kizima, basi jambo lako lilikuwa la beti mbili. Malizia hapo, kuna ubaya gani, nani kasema lazima ziwe saba?

DALILI: "Nimeona vina na mizani ni utumwa, nataka huru"

Sawa tu. Mabishano haya yana umri, mwandishi Euphrase Kezilahabi alipotoa kitabu chake cha mashairi Kichomi mwaka 1974 bila kufuata vina na mizani watu waligawanyika kabisa, wengine wakasema hayo siyo mashairi, na mashairi huru bado yapo mpaka leo na yanasomwa vyuoni. Kwa hiyo ruhusa unayo. Ninachokagua mimi ni kimoja, kwanini umevunja mstari hapo ulipouvunja? Unganisha mistari yote iwe aya moja uisome. Kama haijapoteza kitu, hiyo ilikuwa aya. Na kama umekimbilia huru kwa sababu mizani ilikushinda, nenda kwanza ukaandike beti kumi za utenzi, mbaya hata, kisha urudi.

MAHALI PA KUACHA KUJITIBU

Kama unachoandika kila siku ni kutaka kufa, kujidhuru, kwamba hakuna maana ya kuamka, na siyo mhusika wa kubuni bali ni wewe, weka kalamu chini. Mwambie mtu wako wa karibu leohii na uende hospitali, hata ya karibu na kwako watakuelekeza. Shairi litasubiri.

Kama una mswada wa diwani, yaani kitabu cha mashairi, na unataka kuuchapisha, usiupeleke kwa mchapaji moja kwa moja kutoka kwenye simu. Lipa mhariri wa Kiswahili kwanza. Ukiulenga mashuleni, upande wa lugha kuna BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, ulizia utaratibu wao mapema kabla hujalipia jalada.

Na kama mtu wa studio kalipenda shairi lako anataka liwe wimbo, hongera, lakini usilitume kwa voisi noti. Liandike, weka tarehe, pitia COSOTA, ofisi ya hakimiliki, uulizie kusajili kazi yako, na makubaliano yawe kwenye karatasi yenye saini za wote wawili, yakitaja nani mtunzi wa maneno na mgao wa kila mtu ni kiasi gani. Akikwambia "sisi ni familia, karatasi za nini", mpe mwanasheria azungumze naye.